Yeye Mwenye Taa

"Usiguse hapo! Ukigusa hapo inakwama!"

Sydney aliondoa kidole kwenye deki polepole, kama mtu anayetolewa mkono kwenye asali. Dada yake Nakhumicha akaichomoa ile CD, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la sketi, akairudisha. Televisheni ikakoroma, ikaonyesha mistari, halafu taa nyekundu za karatasi zikatokea zimening'inia kwenye miti. Watoto wote waliokaa sakafuni wakaanza kuimba wimbo wa kufungulia. Waliuimba mpaka mwisho kwa Kichina chao wenyewe, kwa sauti kubwa, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua anasema nini.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, Kitengela, mwaka ule barabara ya Namanga ilipokuwa inachimbwa na vumbi lilikuwa linaingia mpaka ndani ya chumvi. Katuni yenyewe haikuwa na jina. Ilikuwa nalo, lakini liliandikwa kwa herufi zinazofanana na vibanda vilivyopigwa na upepo, kwa hiyo watoto wa ploti, ile safu ya vyumba vya kupanga, waliiita Ya Taa. Wale kindi watatu wenye mikia minene waliwabatiza Mkubwa, Kelele na Chapati, huyo wa mwisho kwa sababu ya uso. Kitu pekee walichoweza kusoma kwenye kava ni namba, na namba zenyewe ziliwatesa. Walikuwa na ya tatu na ya tano. Ya kwanza hakuna aliyewahi kuiona. Ilikuwa ni kama kuingia kanisani wakati mhubiri ameshafika katikati, ukamkuta analia, na huwezi kuuliza nani amekufa.

"Huyu mzee anabeba taa ya nini mchana?" aliuliza Sheryl, mtoto wa mlango wa nne.

Kwenye kioo, kindi mzee mwenye ndevu nyeupe alikuwa anatembea na fimbo, na taa imefungwa kwenye ncha ya fimbo.

"Ni mwizi," Nakhumicha akasema. "Amezitoa kwa watu. Si umeona kule nyuma taa zote zimepotea?"

"Zii. Huyo ni daktari," akasema Yurub. Yurub alikuwa binti wa Haibe, mwenye duka la simu na CD pale steji, na kwa sababu Ya Taa ilitoka kwa baba yake, alijiona kama ana shamba ndani ya hiyo hadithi. "Cheki vile ako na kamkoba."

"Daktari gani anafukuzwa na watoto? Watoto ndio humtoroka daktari."

Watoto wakacheka. Yurub akabetua mdomo, akavuta kitambaa chake cha kichwa mbele.

"Na sikiza wanamwambia nini," Nakhumicha akaendelea. Kwenye kioo kindi watatu walikuwa wanamkimbilia yule mzee, vidole vimenyooshwa, wakipiga kelele: *Yeye! Yeye!* "Umesikia? Wanamshtaki. Yeye, yeye."

"Hicho ni Kichina, wewe! Si Kiswahili."

"Na lile neno baba je? Si hata Kuka alisema?"

Wote wakageuka wakaangalia kiti cha karibu na mlango. Mzee Wanyonyi, babu yake Nakhumicha na Sydney, ambaye wao walimwita Kuka kwa Kibukusu, hakuwa anatazama televisheni. Macho yake yalikuwa na ukungu, yote mawili, na kilichomleta Kitengela kutoka Kimilili ni hayo macho. Madaktari wa macho walikuwa wanatarajiwa Kajiado mwezi uliofuata, na mwanawe Dalmas, baba yake Nakhumicha, alikuwa amemwandikisha. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kukaa na kusikiliza, na Ya Taa aliisikiliza kuliko mtu yeyote, kichwa kimeinama, mikono juu ya fimbo.

"Nilisema," Mzee akaitikia. "Yule mdogo aliita baba, baba akakuja. Akaita mama, mama akakuja. Khane, kumbe Wachina si watu wa mbali vile wanasema. Baba ni baba tu."

"Haya!" Nakhumicha akapiga makofi. "Kama baba ni baba, na mama ni mama, yeye itakuwa nini? Si ni yeye?"

Yurub akageukia televisheni. Kesi ya mzee wa taa ikaisha hapo, na kuanzia siku hiyo akawa mwizi.

&nbsp;

Dalmas na mkewe Caren walikuwa wanakaa vyumba viwili. Kwa watu wa mlango wa kwanza mpaka wa kumi, vyumba viwili ni ukubwa. Lakini mkwe wako akikuja kukaa, vyumba viwili vinakuwa kama kiatu cha mtoto. Kwa Wabukusu mke wa mtoto hashikani mkono na baba mkwe, hakai karibu naye, hapiti mbele yake hivihivi. Huko nyumbani hilo ni jambo rahisi, boma ni kubwa, unazunguka nyuma ya jikoni. Kitengela utazunguka wapi? Caren alikuwa anaweka chai mezani, anarudi hatua, ndipo anasema, "Baba, chai iko mezani." Mzee naye alikuwa anakohoa kabla ya kutoka nyuma ya pazia lake, ili Caren ajue njia ya kupita. Walikuwa wanapendana kwa namna hiyo, kwa kukohoa na kurudi nyuma.

Choo kilikuwa mwisho wa ploti, karibu na geti. Mzee alikwenda huko na fimbo mkono mmoja na tochi mkono wa pili, hata jua likiwa bado halijazama, kwa maana kwake yeye giza lilikuwa linaingia mapema kuliko kwa watu wengine. Mama Sheryl alikuwa anamwangalia akipita.

"Huyo mzee wenu na tochi yake," alimwambia Caren siku moja kwenye kamba za nguo, "ananimulika nikiwa na leso tu. Mtu hata hawezi kuoga kwa amani."

"Hakuoni, Mama Sheryl. Hata kidole chake haoni."

"Macho ya wazee? Mama Nakhumicha, hayo huona ile kitu yanataka kuona."

Caren akaminya shati la Dalmas mpaka maji yakaisha.

Watoto nao walikuwa wameona tochi. Fimbo, ndevu nyeupe, taa. Ni Sydney aliyekuwa wa kwanza kuliona jambo hilo, na tangu hapo mchezo wa Ya Taa haukuhitaji tena televisheni. Kila jioni Mzee akitoka, kindi watatu, wakati mwingine kumi, walikuwa wanajificha nyuma ya tangi la maji. Akikaribia wanaruka, wanamnyooshea vidole: "Yeye! Yeye!" Kisha wanakimbia wakicheka. Mzee alikuwa anatabasamu akiinua tochi. Alidhani wanacheza tu mchezo wa kujificha.

&nbsp;

Jumatano trekta ya barabara iligonga nguzo ya stima. Ploti nzima ikalala giza, na Alhamisi pia stima haikurudi. Watu wakaanza kupeleka simu zichajiwe kwa Haibe, aliyekuwa na jenereta inayonguruma kama ng'ombe mgonjwa.

Alhamisi hiyo jioni, watu wakiwa nje wanawasha makaa, Mama Sheryl alitoka mlangoni akipiga mapaja.

"Simu yangu! Ilikuwa hapa dirishani! Nani amepita hapa?"

Mzee Wanyonyi alikuwa ndio anatoka chooni, na tochi yake ilikuwa inakuja polepole kando ya ukuta, na watoto nyuma ya tangi hawakuwa wamesikia habari za simu. Walikuwa wanamngoja mtu wao.

"Yeye! Yeye!" wakaruka. Nakhumicha alikuwa mbele, kidole kimenyooka. Sydney alikuwa nyuma yake akirukaruka. "Yeye! Yeye!"

Watu wakaacha makaa, wakageuka.

"Mnasikia?" Mama Sheryl akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Mnasikia wenyewe? Wajukuu wake. Watoto hawawezi kudanganya."

Nakhumicha alishusha kidole, lakini kidole kilikuwa kimeshafanya kazi yake.

"Mzee," Mama Sheryl akamsogelea, "nipe simu yangu tu. Sitaki maneno."

"Simu gani, mwanangu?"

"Wamekuona!"

Mzee akageuza uso upande wa watoto. Hakuwaona, lakini alijua pale walipo, kwa maana sauti ilikuwa imetoka hapo. Alingoja. Ukimwita mtu kwa jina lake huitika, hata kama ni kwa ubaya. Yeye hakuwa ameitwa jina. Alikuwa ameonyeshwa tu, kama mbuzi sokoni.

"Kuka, ni mchezo..." Nakhumicha akaanza.

"Nyamaza!" Caren akamwambia, kwa sababu watu walikuwa wamejaa na hakujua aanzie wapi.

Dalmas alifika kutoka kazini Athi River akakuta mlango wake umezibwa na watu. Keateka, mwangalizi wa ploti, alikuwa ndani. Mama Sheryl alikuwa amesema mkoba wa mzee ufunguliwe, na keateka alisema si kwa ubaya, ni kuondoa tu maneno kwa ploti.

"Mfungue," Mzee akasema mwenyewe kutoka kwenye kiti chake. "Dalmas, waache wafungue."

Wakafungua. Kulikuwa na shati moja, sweta, Biblia ya Kibukusu, kipande cha sabuni kilichofungwa kwa karatasi, na biskuti mbili ndani ya kitambaa.

"Hizo ni za Sydney," Mzee akasema aliposikia karatasi ya biskuti ikilia. "Usizivunje."

Keateka akazirudisha kama mtu anayeshika mayai. Mama Sheryl akasema kama hayuko nayo hapa basi ameificha mahali, na akaenda kwake akafunga mlango. Caren alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumba cha kulala, uso umemlowa. Hangeweza kutoka akapita kati ya wanaume akamshika mkono baba mkwe. Ingekuwa aibu juu ya aibu.

&nbsp;

Simu ilirudi Ijumaa kabla ya saa sita, na iliyoirudisha ilikuwa miguu ya Haibe mwenyewe.

"Mama Sheryl! Waryaa, nani ako hapa?" Haibe aliita kutoka getini. "Wallahi chukua simu yako! Imejaa moto tangu jana jioni, na inaita, inaita, wateja wanafikiria duka langu ni kanisa."

Mama Sheryl aliishika akaigeuza. "Nani alikuletea?"

"Mtoto yako. Alisema mama amesema ichajiwe."

Akatafutwa Sheryl, akapatikana chini ya kitanda. Alikuwa ameichukua akaipeleka ichajiwe ili apate kucheza ule mchezo wa nyoka. Halafu maneno yalipokuwa makubwa, aliogopa, akayaacha yaende. Kelele zake wakati anachapwa zilisikika mpaka kwa duka la nyama.

Baadaye Mama Sheryl akabisha kwa Caren. Hakuingia. Alisimama kizingitini akichezea ncha ya leso.

"Mzee, ile maneno... ni shetani tu. Simu imepatikana."

"Ni vizuri," Mzee akasema.

"Basi, hakuna ubaya."

"Hakuna, mwanangu."

Mama Sheryl akangoja kidogo, akaona hakuna kingine, akaondoka. Caren alishusha pumzi. Alidhani imekwisha. Lakini Dalmas aliporudi jioni alimkuta baba yake amekunja sweta, amefunga mkoba, ameuweka katikati ya miguu.

"Baba, hii ni nini?"

"Kesho nitaenda nyumbani."

"Kwa sababu ya Mama Sheryl? Si amekubali makosa!"

"Mama Sheryl si mtu wangu. Mama Sheryl akisema mimi ni mwizi, ni maneno ya jirani, yataisha." Mzee alipapasa mpini wa fimbo. "Hawa ni damu yangu, Dalmas. Kila jioni nilidhani wanacheza, khane wananishtaki. Walisimama mbele ya watu wakaninyooshea kidole. Mtoto wa miaka mitano hawezi kutoa hiyo neno kwa tumbo lake. Anaitoa kwa nyumba. Pengine mkiwa huko ndani mnasema huyu mzee ametujazia chumba."

"Baba! Hatujawahi!"

"Sisemi ni vibaya. Chumba ni kidogo."

"Na macho? Ukienda sasa jina lako litarukwa. Watakuja tena Kajiado lini?"

"Macho haya nimeyazoea," Mzee akasema. "Hata hivi, nimeona ya kutosha."

Nakhumicha alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Hakuweza kuvumilia tena.

"Kuka, haikuwa simu! Tulikuwa tunacheza Ya Taa. Wewe ulikuwa yule mzee wa ndevu."

Uso wa Mzee ukainuka kidogo. "Yule wa kwa televisheni?"

"Ehe! Yule wanaita yeye, yeye."

"Yule mwizi?"

Nakhumicha akaweka sinia chini. Ni yeye mwenyewe aliyehukumu, mbele ya Yurub na watoto wote, na Kuka akiwa hapo kwenye kiti chake akisikia.

"Khane," Mzee akasema taratibu. "Hata kwa mchezo."

Usiku huo Caren alimwuliza binti yake kwa nini hakukaa kimya. Nakhumicha alikuwa amefunika uso kwa blanketi.

"Mama, pengine si mwizi. Hatujaona ya kwanza. Hatujui kwa nini alichukua hizo taa."

"Mtoto wangu, hiyo ni katuni ya Wachina. Hata ukiiona, utajua aje na maneno huelewi?"

"Nitaangalia."

&nbsp;

Asubuhi ya Jumamosi walimsindikiza Mzee steji, Caren, Nakhumicha na Sydney. Mpango ulikuwa apande gari la Nairobi, na Dalmas, aliyekwenda kuomba ruhusa kazini, apande gari hilohilo Athi River waendelee pamoja mpaka kwenye basi la magharibi. Nakhumicha alibeba mkoba. Caren alitembea nyuma, kwa umbali wa heshima. Sydney alikuwa amepewa zile biskuti mbili na hakuwa anazila.

Mbele ya duka la Haibe kulikuwa na benchi. Mzee akaketishwa hapo kungoja gari.

"Mzee wangu, unatuacha?" Haibe akauliza akiwa katikati ya maboksi. Alikuwa ametoka Eastleigh jana jioni na mzigo. "Nani atanisalimia kila siku 'mulembe, mulembe' mpaka mimi nakuwa Mluhya?"

"Utapata mwingine," Mzee akasema, na hakucheka.

Yurub alikuwa ndani amepiga magoti kwenye boksi. Ghafla akapiga yowe kama aliyeng'atwa.

"Nakhumicha! Kuja! Iko! Iko na moja!"

Nakhumicha aliangusha mkoba. Kava ilikuwa ileile, vibanda vilevile vilivyoanguka, na pembeni namba 1.

"Mjomba Haibe, weka. Tafadhali weka sasa hivi."

"Nipange mzigo kwanza, mtoto."

"Gari itakuja! Tafadhali!"

Haibe aliangalia macho ya yule msichana, akaangalia benchi, akaacha maboksi yake. Jenereta ikakohoa ikashika. Televisheni ya dukani ilitazama nje, ili kuvuta wateja, na spika zake zilikuwa kubwa kama makabati. Wimbo ukaanza. Safari hii hakuna aliyeimba.

Palikuwa na nyumba ndogo na mvua nje. Meza. Kindi mama anapakua uji, kindi baba anakausha mkia. Na katikati ya meza, ndani ya kapu, Chapati, akiwa mchanga kabisa, hana hata meno. Anajifunza kusema. Akamwangalia yule wa mkia, akanyoosha kidole: *Baba!* Wazazi wakafurahi wakaruka. Akamwangalia wa uji: *Mama!* Mama akaweka mwiko chini akapangusa machozi.

Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia yule mzee. Fimbo, ndevu nyeupe zinachuruzika maji, taa kwenye ncha ya fimbo. Akainama juu ya kapu. Mtoto akamwangalia kwa muda mrefu, akashika zile ndevu kwa mikono yote miwili, akasema:

*Yeye.*

Na yule mzee akamwinua juu, akamzungusha, akacheka mpaka taa ikazimika.

Yurub na Nakhumicha waliangaliana.

"Baba," Yurub akahesabu kwa vidole, taratibu. "Mama. Halafu..."

"Kuka," Nakhumicha akasema. Sauti yake haikutoka vizuri. "Ni kuka. Yeye ni kuka! Hawakuwa wanamshtaki. Walikuwa wanamwita!"

Sydney hakungoja maelezo. Aliruka kutoka kizingitini, biskuti mkononi, akanyoosha kidole kwenye benchi kwa furaha yake yote.

"Yeye! Yeye! Yeye!"

Sasa steji ya Kitengela si mahali pa kumnyooshea mtu kidole. Makanga wawili wa matatu waligeuka hapohapo, na mmoja alikuwa ameshashika mkoba uliolala chini.

"Amefanya nini? Mzee, umeiba?"

"Shika huyo!" mtu akasema kwa nyuma, mtu ambaye hata hakujua ni nani ashikwe.

Mzee Wanyonyi alisimama, fimbo inatafuta ardhi. Na Caren, ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kumkaribia baba mkwe kuliko upana wa meza, alipita katikati ya makanga kama ng'ombe anayerudia ndama. Akasimama mbele yake, mgongo wake karibu uguse kifua cha mzee, mikono imepanuliwa.

"Mguse uone! Huyu ni baba yangu!"

"Lakini mtoto amesema ni yeye..."

"Ni babu!" Nakhumicha alipaza sauti. "Yeye ni babu! Kwa Kichina! Anamwita babu!"

Makanga akamwangalia, akamwangalia Haibe, ambaye alikuwa ametoka na ufagio.

"Waryaa, weka mkoba chini. Ni Kichina. Huoni televisheni?"

"Sasa nyinyi mnatukananga watu na Kichina hapa steji?" Makanga akaweka mkoba, akajipangusa mikono. "Pole, mzee. Karibu Nairobi, hamsini, hamsini, inaenda!"

Caren akagundua mahali aliposimama. Akarudi hatua mbili, akainamisha kichwa. "Nisamehe, Baba."

"Hakuna kosa," Mzee akasema. Alikuwa anapumua kwa nguvu. Kisha akageuza sikio upande wa duka. "Nakhumicha. Umesema nini?"

Nakhumicha akaja akapiga magoti karibu na benchi. Akamweleza pole pole: kapu, uji, ndevu, na vile mtoto alivyosema. Haibe, bila kuambiwa, akairudisha nyuma, na Mzee akaisikia kwa masikio yake mwenyewe. *Baba. Mama.* Mlango. Mvua. *Yeye.* Na kicheko cha yule mzee mwingine.

"Na zile taa?" akauliza. "Aliziiba?"

"Sijafika hapo, Kuka. Tuendelee tuone?"

Gari la Nairobi lilikuwa limefika. Makanga yuleyule alikuwa anapiga ubavu wa gari. "Mzee wa Kichina! Twende?"

Mzee alikaa na mikono juu ya fimbo. Gari likangurumisha injini.

"Wewe nenda," akasema. "Mimi nasikiza kitu."

&nbsp;

Taa hakuiba. Watoto waliiona CD yote jioni hiyo kwa Dalmas, stima ikiwa imerudi, na Dalmas mwenyewe akiwa amekaa kwenye ndoo kwa kukosa kiti, akiwa bado na hasira kidogo kwa sababu alimngoja baba yake Athi River mpaka jua likamchoma. Mafuriko yalikuja kwenye kile kijiji, watoto wakapotea, na yule mzee akapita mlango hadi mlango kuzishusha taa, akaenda kuzitundika moja moja njiani mlimani, ili wapate kuiona njia ya kurudi. Nakhumicha aliitafsiri yote kwa macho tu. Safari hii alikuwa anasema "pengine" kila baada ya maneno mawili, na Yurub, ambaye kwa haki yake angeweza kujivuna, alisema tu, "Lakini daktari pia haikuwa." Ilipofika mwisho, Mama Sheryl alikuwa amesimama kwenye kizingiti na kuku mwekundu kwapani. Alisema ni wa Mzee, na safari hii aliingia ndani akakaa.

Mwezi uliofuata Mzee alipelekwa Kajiado, akarudi na bandeji kwenye jicho moja, la pili likingoja zamu. Ploti nzima walikuwa wameacha kumwita Mzee Wanyonyi. Hata keateka alisema Yeye. Mgeni akiuliza nani ameegemea geti, anaambiwa ni Yeye, na anabaki kushangaa ni yeye nani.

Jumapili moja, wametoka kanisani, Caren alifunua kopo la sukari akakuta chini kunang'aa.

"Nani amemaliza sukari?"

Sydney alikuwa amesimama kando ya meza, midomo inametameta, punje zimekwama mpaka kwenye kidevu. Akaangalia mama. Akaangalia kopo. Halafu akanyoosha kidole kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Yeye!"

Caren akashika kiuno. Mzee akainua kichwa, akamwangalia mtoto kwa lile jicho moja jipya, akaiona sukari yote.

"Naam," akaitika.